Nilitaka Kufika kwa Miguu Yangu

Kama mguu wako umekukatalia, au mama yako amelala pale chumbani na hataki kusikia habari ya kiti cha magurudumu, soma haya mpaka mwisho. Sikuandika ili nionewe huruma. Nilisoma mpaka darasa la nne tu, kwa hivyo mambo ya mifupa waulize waliosomea mifupa. Mimi nitasema yaliyonipata, na kosa nililofanya, kwa sababu kule kwenye benchi la kliniki naona wazee wengi wako mbioni kulifanya.

Naitwa Dorika. Kitambulisho kinasema nina miaka themanini na sita. Kwetu ni magharibi, lakini nimekaa Nairobi tangu nikiwa bi harusi. Kwanza tulikaa Makongeni, kwenye nyumba za reli, kwa sababu mume wangu alikuwa fundi huko. Alipokufa, na mimi nikazeeka, binti yangu Rebeka akanichukua nikakae naye mtaa wa Mowlem. Rebeka anakaa orofa ya tatu. Ngazi ni hamsini na nne. Nilikuwa nazipanda kila siku na mboga mkononi, na nikikutana na vijana wamekaa hapo katikati na simu zao, nawaambia wainuke, ngazi si kochi.

Nilianguka wakati wa mvua ya Aprili. Mawingu yalikusanyika ghafla, nikakimbilia juu ya paa kuanua nguo. Mtu wa umri wangu anakimbilia nini? Shuka. Shuka ambayo ingelowa na kukauka tena kesho yake. Nilisikia mfupa wa nyonga ukilia kabla sijasikia uchungu, kama kuni kavu unapoivunjia gotini. Nikalala pale kwenye saruji, mvua ikaninyeshea pamoja na nguo zangu.

Wanaume wanne wa plotini, wapangaji wa jengo letu, walinibeba kwa blanketi mpaka chini. Uso wangu ulitazama dari na miguu yangu ilitangulia, kama maiti anavyotolewa. Kumbuka hilo la miguu kutangulia, kwa sababu mimi sikulisahau, na ndilo lililoniharibia mwaka.

Hospitalini tulingoja kwenye korido, mimi nikiwa juu ya kitanda cha kusukumwa, tangu saa nne asubuhi mpaka jioni. Kulikuwa na bibi mwingine kando yangu, naye ni nyonga vilevile. Hatukuulizana majina. Aliniuliza tu, "Wewe ulikuwa unafuata nini?" Nikasema shuka. Akasema, "Mimi kuku." Tukacheka mpaka nesi akatugeukia, halafu uchungu ukatunyamazisha wote wawili.

Walinipasua wakaweka chuma. Sitasema mengi hapo. Nitasema habari ya pampasi, kwa sababu hakuna mtu aliyeniambia mapema. Binti yangu alinivalisha pampasi. Nilimfunga nepi mtoto huyu kwa mikono yangu, leo ananiambia, "Mama, inua kidogo." Nilifunga macho kila mara. Yeye alidhani ni uchungu.

Juni nilirudishwa Mowlem, nikabebwa tena, mara hii kwa kiti cha plastiki. Baridi ya Juni na Julai unaijua. Chuma kilichoko ndani ya mwili nacho kinapata baridi, hilo ni jambo jingine ambalo hawakuniambia. Mguu wangu wa kulia ulikonda ukawa kama wa mtoto, ngozi ikining'inia, na ule wa kushoto ukabaki mnene. Nilikuwa nikiitazama nasema, hii si miguu ya mtu mmoja.

Jirani yetu wa mlango wa pili ni Bi Salma, mtu wa Lamu, amezeeka kidogo tu kuliko mimi. Kila alasiri alikuja na mafuta ya nazi yaliyopashwa moto akanisugua ule mguu uliokonda. Hakuombwa na mtu.

"Mama Elija, mguu huu umekuwa fimbo," aliniambia siku ya kwanza, akiniita kwa jina la mwanangu.

"Fimbo yenyewe ingenisaidia. Huu haunisaidii."

"Basi nyamaza nikupake. Umezidi maneno kwa mtu aliyelala."

Mungu amweke. Kama una jirani wa namna hiyo, mfungulie mlango hata kama nyumba ni chafu.

Kila Alhamisi ilikuwa kliniki ya mazoezi. Wanaume wananishusha, wananipandisha. Foleni inaanza saa moja, unaitwa saa tano. Msichana wa mazoezi alikuwa na mikono migumu na mdomo mtamu. Alinipa kile chuma cha miguu minne cha kushikilia, akaniita shosh, kama vijana wa Nairobi wanavyoita bibi zao, akasema, "Shosh, leo ni hatua tano. Ukinipea sita nakuitia soda."

"Soda ina sukari. Nipe hatua zangu," nikamjibu.

Siku hiyo nilimpa nane. Nikarudi nyumbani nikijiona nimefika Kisumu.

Sasa nifike kwa dada yangu.

Tulizaliwa tisa. Waliobaki tulikuwa wawili, mimi na mdogo wangu Rasoa, aliyebaki nyumbani magharibi. Yeye moyo wake ulikuwa umechoka, miguu inavimba, pumzi inakatika akitoka tu jikoni mpaka langoni. Daktari alimkataza safari ndefu. Mara ya mwisho kuonana ilikuwa miaka mitatu nyuma. Kila Jumapili baada ya kanisa alinipigia simu, na kila Jumapili alisema jambo moja kabla ya kukata: "Dada, nataka nikuone na macho."

Agosti, shule zikiwa zimefungwa, mwanangu Elija alikuja kutoka Buruburu. Elija ana gari. Alikaa, akanywa chai, akasema, "Mama, nimepanga. Kanisani kwetu kuna kiti cha magurudumu, nimeongea nao, wamekubali. Nitalaza kiti cha nyuma cha gari, tutakulaza vizuri na mito, tutatoka alfajiri polepole. Jumamosi uko kwa Mama Rasoa. Nimeshampigia hata yeye, amefurahi sana."

Nikamwambia hapana.

Acha nieleze, ili usidhani ni kiburi kitupu. Miaka ishirini na zaidi nilikuwa katika kikundi cha akina mama wanaosindikiza maiti. Mtu wetu akifa hapa Nairobi, hazikwi hapa, anarudishwa nyumbani, na ni lazima akina mama wakae naye njiani. Nimekaa kando ya majeneza mengi kuliko harusi nilizokula. Kwa hivyo ninajua: mtu anayetoka Nairobi amelala ni yule asiyerudi. Na watu wa nyumbani wanajua hivyo pia. Kulikuwa na mzee mmoja wa Makongeni, Zakayo, alipelekwa nyumbani akiwa hai, amelazwa nyuma ya gari juu ya godoro. Wanawake wa boma walipoona gari linaingia na mtu amelala, hawakuuliza. Walianza kupiga nduru. Mzee akasikia mwenyewe analiliwa. Hakumaliza wiki.

Basi nilimwambia Elija, "Mimi sipelekwi kwetu nimelala. Mkubwa haingizwi bomani kwa kusukumwa kama gunia. Nitaingia kwa miguu yangu. Mwambie mama yako mdogo aningoje."

"Mama, basi utakaa wima. Si lazima ulale."

"Na nikifika? Si mtanisukuma?"

"Tutakusukuma, ndiyo. Kuna ubaya gani?"

"Nimesema."

Jumapili Rasoa akapiga. "Dada, Elija ameniambia habari ya kiti. Njoo na kiti. Nani atakucheka? Wenye kucheka wote wamekufa."

"Nitakuja kwa miguu."

"Lini?"

"Ngazi hizi zikinitii. Nikizishuka na kuzipanda mwenyewe, siku hiyo nakuja."

Nilisikia pumzi yake tu. Halafu akasema, "Haya, dada. Wewe ndiye mkubwa." Akakata bila kusema lile neno lake la kila Jumapili.

Nilianza kazi. Sijawahi kufanya kazi namna ile hata nikiwa kijana. Asubuhi Rebeka akiwa bado yupo, kabla ya kwenda sokoni kuuza nguo zake, alinisimamisha mlangoni. Wiki ya kwanza nilishuka ngazi tatu. Nilishika chuma cha ukutani kwa mkono mmoja na Rebeka kwa mkono mwingine. Jasho lilinitoka katika baridi ile. Septemba nilishuka mpaka orofa ya pili. Watoto wa plotini walianza kunihesabia kwa sauti, nikawafokea, wakaendelea kuhesabu.

Lakini Rebeka alikuwa anachoka. Mgongo wake ulianza kumuuma kwa ajili ya kunishika. Alichelewa sokoni, wateja wake wakamhama. Siku moja tumekwama katikati ya ngazi, mimi nimeketi, siwezi kushuka wala kupanda, akalipuka.

"Mama, unangoja nani akuvishe nishani? Mama Rasoa anaumwa! Gari lipo, kiti kipo, mtu wa kukuendesha yupo. Wewe unapigana na ngazi!"

"Nishike mkono, usinihubirie."

"Nitakushika. Lakini siku moja utafika kwa miguu yako na hutapata mtu."

Nilimwambia asinitabirie mabaya. Tulikaa siku mbili bila kuongea, isipokuwa "kula" na "inuka". Hata Bi Salma, akinisugua, alisema taratibu, "Mama Elija, mtoto amesema kweli." Nikamwambia apake mafuta, hajaitwa kuamua kesi.

Mvua fupi zilikuja Oktoba. Ngazi zikawa na utelezi kwa matope ya viatu vya watu, nikapoteza wiki mbili nzima. Katikati ya Novemba, siku ya Jumatatu, nilishuka zote hamsini na nne. Peke yangu, Rebeka nyuma yangu mikono mitupu. Nilifika chini nikasimama kwenye lango la ploti. Mama wa kuuza sukumawiki alipiga makofi. Nilitazama barabara kama mtu aliyetoka jela.

Rebeka alikuwa analia. Akasema, "Sasa, Mama. Sasa nimpigie Elija? Kesho alfajiri?"

Hapa ndipo penye kosa. Ukisahau yote, usisahau hapa. Nilisema, "Bado. Kushuka si kitu, hata jiwe linashuka. Sijapanda."

Siku ile nilipanda mpaka orofa ya kwanza nikaketi. Wakanibeba zilizobaki. Jumanne hivyo hivyo. Jumatano nilikaribia ya pili. Nilihesabu moyoni kwamba Disemba, kabla ya Krismasi, nitakuwa nazipanda zote.

Ijumaa asubuhi Rebeka aliniletea chai akaketi kitandani kwangu. Rebeka haketi kitandani kwangu, huwa anasimama kwa haraka zake. Alishika kikombe chenyewe, hakunipa. Nikamwambia, "Sema."

"Mama Rasoa. Jana jioni. Alikuwa ameketi tu, Mama. Eunice alimletea uji akampata ameshaenda."

Eunice ni binti wa Rasoa, anayekaa naye.

Sikulia. Nilimwambia anipe chai. Niliinywa yote, ilikuwa moto, ikaniunguza ulimi, na nilifurahi imeniunguza. Halafu nikasema, "Mwambie Elija alete kile kiti."

Ndivyo nilivyosafiri. Bi Salma alikuja kunifunga leso kiunoni na kunipaka mafuta mguu wote kabla ya safari. Hakusema neno la "nilikuambia". Alfajiri ya Jumamosi wanaume wa plotini walinibeba kushuka zile ngazi nilizozishinda siku tano zilizopita. Sikuona haya. Haya yalikuwa yamekwisha, na kama yangekwisha Agosti, ningemwona dada.

Nikupe yale niliyojifunza njiani, kwa sababu mzee akisafiri na mfupa wa chuma kuna mambo yake. Simamisha gari kila saa moja na nusu, unyooshe mguu hata kama dereva ananung'unika. Vaa pampasi, usijitie ujana. Kaa na mto chini ya paja, si chini ya goti. Na usinywe chai ya barabarani kabla hujajua choo kiko wapi na kina ngazi ngapi. Nililala karibu njia yote pale nyuma. Hakuna aliyekufa kwa kulala kwangu. Aliyekufa alikuwa ameshakufa.

Tulifika mchana, siku moja kabla ya mazishi. Kwetu ukiingia kwenye matanga unaanza kulia langoni, unatembea ukilia mpaka kwa jeneza. Nilimwambia Elija anisimamishe pale langoni na anipe chuma changu. Mvua ilikuwa imenyesha usiku. Nikapiga hatua ya kwanza, ya pili, ya tatu. Miguu ya kile chuma ikazama kwenye matope, na mimi nikazama nacho. Watu wote walikuwa wananitazama. Elija akaja nyuma yangu na kiti, akanigusa tu magoti kwa nyuma, nami nikakaa.

Nikalia nikiwa nimekaa. Sauti haitoki miguuni, hilo sikulijua kwa miaka themanini na sita. Ilitoka ikajaa boma lote. Wanawake wakanipokea, wakanizunguka wakilia nami, na hakuna hata mmoja aliyetazama magurudumu.

Walinisukuma mpaka kwenye jeneza. Rasoa alikuwa mdogo mle ndani. Nilimwambia niliyomwambia, hayo ni yetu.

Baadaye watu walipokwenda kula, Eunice alinishika mabega. "Mama mkubwa, twende ndani upumzike."

Nyumba ya Rasoa naijua. Mlango wake uko juu, una vidato vitatu vya mawe, virefu, mume wake alivijenga wakati wa El Nino kwa kuogopa maji. Nikamwambia Eunice, "Waite wanaume wanibebe."

"Hakuna haja," akasema.

Akanizungusha kiti. Pale penye vidato nikaona mteremko. Udongo umejazwa juu ya mawe, umeshindiliwa, ukalainishwa kwa kinyesi cha ng'ombe, kutoka uani mpaka kizingitini. Mpana wa kutosha kiti.

"Nani amefanya hivi?"

"Yeye."

"Na kifua kile?"

"Alikuwa anakaa kwenye kigoda, Mama mkubwa. Sisi tunamletea udongo kwa karai, yeye anapanga kwa mkono. Tukimwambia atuachie, anatufukuza. Alianza Agosti, wiki ile uliyomwambia utakuja kwa miguu." Eunice alijaribu kucheka. "Alisema, 'Dada yangu namjua. Atasema miguu, miguu, mpaka achoke, halafu atakuja na kiti. Asikute mahali pa kukwama.'"

Nikashika magurudumu ya kiti kwa mikono miwili.

"Mvua za Oktoba zilikuwa zinaula kila wiki," Eunice akaendelea. "Kila ukiliwa anarudishia. Hapa juu alipaka mara ya mwisho Jumanne."

Nikainama kutazama. Udongo wa juu ulikuwa haujakauka vizuri. Zile alama za vidole vilivyopaka zilikuwepo, mistari minne minne, imepinda kama upinde, mkono wa mtu mdogo aliyeketi. Magurudumu yalikuwa yamefika ukingoni mwake.

"Ngoja," nikamwambia Eunice.

Akangoja. Tulikaa hapo mpaka nikasikia wanaume wanaanza kuchimba kule nyuma ya migomba. Nilifikiri niombe kupitishwa mlango wa nyuma, alama zile zibaki. Halafu nikaona kwamba huo ungekuwa ujinga wangu uleule, umerudi na sura nyingine.

"Sukuma," nikasema.